Ushahidi wa Mwenye Gari: Mafuta, Uimara na Bei ya Kuuzia

Baada ya nyumba na kiwanja, gari dogo la familia aghalabu ndilo kitu cha ghali kuliko vyote ambavyo mtumishi wa Afrika Mashariki hununua maishani mwake. Kwa sababu hiyo, kabla ya kutoa fedha zake, mnunuzi huuliza. Humwuliza jirani, humwuliza mwenzake wa kazini, humwuliza shemeji mwenye gari la aina ile ile. Maswali yake huwa matatu: Linakunywa mafuta kiasi gani? Linasumbua? Na siku ya kuliuza, litarudisha nini?

Majibu anayoyapata hayapatani. Watu wawili wenye magari ya saluni ya chapa moja, ya mwaka mmoja na yenye injini moja ya sentimita za ujazo 1,500, huweza kuapa, mmoja kwamba gari lake huenda kilomita 14 kwa lita moja ya petroli, na wa pili kwamba lake halivuki kilomita 9. Yamkini wote wawili husema kweli. Wanachokosea ni kudhani kwamba wanalisema gari, ilhali kwa sehemu kubwa wanasema habari za barabara zao, za mafundi wao, na za namna wanavyohesabu. Uzoefu wa mwenye gari ni ushahidi wenye thamani, lakini kama ushahidi wowote ule, hapana budi uchunguzwe kabla ya kukubaliwa.

Mafuta huenda wapi

Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban megajouli 32. Gari la saluni lenye uzito wa kilo 1,200 likienda kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa katika barabara tambarare hupingwa na nguvu mbili. Ya kwanza ni hewa, ambayo kwa gari la umbo la kawaida hulisukuma nyuma kwa nguvu ya nyutoni 200 hivi. Ya pili ni msuguano wa tairi zinazobonyea na kurudi kila zinapoviringika, nao hufikia nyutoni 140 hivi. Kuzishinda nguvu hizo mbili kwa kilomita 100 kunahitaji megajouli 34, yaani kiasi cha nishati iliyomo katika lita moja ya petroli na tone juu yake. Kumbe, kama injini ingeweza kugeuza nishati yote ya petroli kuwa mwendo, safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro ingemalizika kwa lita mbili.

Injini ya petroli haiwezi. Katika matumizi ya kawaida hugeuza robo tu ya nishati hiyo kuwa kazi, na mara nyingi pungufu ya robo. Iliyobaki hutoka kama joto katika ekzosi na katika rejeta. Hakuna fundi awezaye kuubadili ukweli huo kwa dawa ya kutia katika tangi, ijapokuwa dawa hizo huuzwa kila siku. Kinachobadilika ni kazi ambayo injini inatakiwa kuifanya, na hapo ndipo wale mashahidi wawili wanapoachana.

Upinzani wa hewa haupandi kwa kadiri ya mwendo. Hupanda kwa kadiri ya mraba wa mwendo. Dereva anayetoka kilomita 80 kwenda kilomita 120 kwa saa huongeza mwendo wake kwa nusu, lakini nguvu ya hewa hupanda kutoka nyutoni 200 hadi 450 hivi, na jumla ya upinzani huongezeka kwa zaidi ya asilimia 70. Mafuta hayaongezeki kwa kiwango kile kile hasa, kwa kuwa injini iliyobanwa na kazi hufanya kazi kwa ufanisi zaidi kuliko iliyo legevu; hata hivyo huongezeka sana.

Mjini mambo ni tofauti kabisa. Huko hewa haina neno. Adui ni breki. Gari la kilo 1,200 linalokwenda kilomita 50 kwa saa limebeba nishati ya mwendo ya kilojouli 116. Dereva akikanyaga breki mpaka likasimama, nishati hiyo yote hugeuka joto katika diski na ngoma za breki na kupotea. Kuirudisha tena kunagharimu mililita 14 au 15 za petroli, ambazo ni kijiko kikubwa kimoja cha mezani. Dereva wa Barabara ya Morogoro asubuhi ya Jumatatu angeweza kuvihesabu vijiko hivyo kimoja kimoja. Tena, gari likisimama huku injini inanguruma, hunywa kati ya nusu lita na lita moja kwa saa bila kusogea hatua, na kiyoyozi kikiwashwa kiasi hicho huongezeka. Kilomita kwa lita, wakati gari halisogei, ni sifuri. Basi yule wa kilomita 14 huenda anaishi Dodoma na kusafiri mara kwa mara, na yule wa kilomita 9 huenda anatoka Mbagala kila siku saa kumi na mbili asubuhi.

Takwimu zinazoandikwa katika vitabu vya watengenezaji hazimsaidii sana mnunuzi. Magari mengi yaliyotumika yaliyoletwa kutoka Japani yalipimwa kwa utaratibu ulioanza kutumika huko mwaka 1991, ambamo gari huendeshwa juu ya magurudumu ya chuma katika maabara, na mwendo wake wa juu kabisa ni kilomita 70 kwa saa. Humo hamna mlima, hamna tope, wala shangazi na magunia mawili ya mpunga katika buti. Vipimo hivyo vinafaa kwa kulinganisha gari na gari, si kwa kukadiria matumizi ya mtu.

Mazoea nayo huzeeka. Madereva wengi wateremkapo Mlima wa Kitonga mkoani Iringa huweka gia huru ili gari litelezeke lenyewe, wakiamini kwamba wanabana mafuta. Katika enzi ya kabureta imani hiyo ilikuwa na msingi, kwa maana injini iliyozungushwa na magurudumu iliendelea kuvuta petroli kupitia njia ndogo ya kabureta. Katika injini za leo, ambazo petroli hudungwa kwa amri ya kompyuta, mambo yamegeuka. Gari likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya kikanyagio cha mafuta, kompyuta hukata petroli kabisa. Likiwekwa gia huru, kompyuta hulazimika kudunga petroli ili injini isizimike. Dereva wa gia huru kwa hiyo hutumia mafuta zaidi ya mwenzake, na juu ya hayo amejinyima breki ya injini katika mteremko ambao umekwisha kuua watu wengi.

Namna ya kupima

Njia ya uhakika ni rahisi. Tangi lijazwe mpaka pampu ikatike yenyewe, namba ya kilomita iandikwe, gari litumiwe kama kawaida, kisha lijazwe tena katika kituo kile kile, na lita zilizoingia zigawanywe kwa kilomita zilizokwendwa. Kosa la lita moja au mbili katika kujaza ni jambo la kawaida, kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi. Vikifanywa vitano mfululizo na kujumlishwa, kosa hilo huwa dogo. Mshale wa dashibodi si kipimo. Wala kuweka mafuta ya shilingi 20,000 na kuona yamefika wapi si kipimo, ingawa ndiyo njia inayotumiwa na watu wengi zaidi.

Hata namba ya kilomita yenyewe ina hila yake. Mita huhesabu mizunguko ya magurudumu, haihesabu ardhi. Tairi iliyolika milimita 6 imepungua nusu kipenyo chake kwa asilimia 2 hivi, kwa hiyo huzunguka mara nyingi zaidi katika mwendo ule ule, na mita huandika kilomita ambazo gari halikwenda. Tairi kuukuu hulifanya gari lionekane halinywi sana kuliko lilivyo.

Liko pia tatizo la namna ya kuyasema majibu. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, Richard Larrick na Jack Soll, walionyesha katika jarida la Science kwamba watu hukosea sana wanapofikiri kwa umbali unaokwendwa kwa kipimo kimoja cha mafuta. Mtu anayeacha gari la kilomita 8 kwa lita na kuchukua la kilomita 10 huokoa lita 2.5 katika kila kilomita 100. Anayeacha la kilomita 14 na kuchukua la kilomita 16 huokoa pungufu ya lita moja. Masikioni, nyongeza ni ile ile ya kilomita mbili. Mfukoni, ya kwanza ni karibu mara tatu ya ya pili. Ndiyo maana ni heri kusema lita kwa kilomita 100. Mwenye gari linalokunywa sana hufaidika na kila badiliko dogo, na mwenye gari lisilonywa sana hana haja ya kujisumbua kwa kutafuta la ajabu zaidi.

Gari gumu ni lipi

Katika miaka ya 1960 na 1970 swali hili lilijibiwa barabarani. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, Peugeot 404 ilishinda mwaka 1966, 1967 na 1968, mara mbili za kwanza ikiendeshwa na Bert Shankland aliyekuwa mkazi wa Tanzania. Mwaka 1975 ilishinda Peugeot 504. Wananchi waliona kwa macho yao magari ya umbo lile lile la teksi zao yakitoka katika matope ambayo mengine yalibaki humo, nao wakanunua. Toyota Corolla, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1966, ilipata sifa yake polepole zaidi na kwa njia nyingine.

Hadi leo wazee husema kwamba magari ya siku hizo yalikuwa magumu kuliko ya sasa, na huonyesha kwa kidole 504 inayobeba abiria mashambani. Ushahidi huo una kasoro. Yale yaliyokufa hayaonekani. Kuyahukumu magari ya mwaka 1975 kwa machache yaliyosalia ni sawa na kupima afya ya kijiji kwa kuwauliza wazee wa miaka tisini tu.

Ugumu wa gari una sehemu mbili ambazo wenye magari huzichanganya. Ya kwanza ni gari huharibika mara ngapi. Ya pili ni likiharibika hukaa muda gani bila kutengenezwa. Gari linaloharibika mara tatu kwa mwaka, na kila mara likapona kwa siku moja, humnyima mwenyewe siku 3. Gari linaloharibika mara moja tu, lakini spea yake ikasubiriwa kwa majuma sita kutoka ng'ambo, humnyima siku 42. Wa pili atalitukana gari lake kwa haki, ingawa kwa mhandisi lake ndilo gumu zaidi. Hapa ndipo wingi unapokuwa nguvu. Chapa iliyoenea hujulikana na kila fundi, spea zake hulala katika kila duka la Kariakoo au la Kirinyaga Road mjini Nairobi, na kwa ajili hiyo watu wengi zaidi huinunua, nayo huzidi kuenea. Sehemu kubwa ya sifa ya uimara katika Afrika Mashariki ni sifa ya duka la spea.

Kisha kuna mkono wa fundi. Mfano ulio bora ni themostati, kivali kidogo kilichowekwa katika njia ya maji kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi, themostati hufunga njia ili maji yapate joto upesi. Yakifika nyuzi 80 na kitu za Sentigredi huanza kufungua. Mafundi wengi huing'oa na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi hizi ni za joto na haihitajiki. Hoja hiyo haikuzuka hivi hivi. Themostati iliyozeeka huweza kukwama ikiwa imefunga, na injini ikachemka mpaka gasketi ya kichwa cha silinda ikaungua. Tena watu wengi hutia maji matupu ya bomba katika rejeta badala ya maji yenye dawa ya kuzuia kutu. Vijia vya rejeta huziba, injini huchemka, na themostati hulaumiwa kwa kosa la maji. Ikitolewa, kuchemka hupungua, na fundi husifiwa.

Ubaya huja taratibu. Bila themostati, maji hupita katika rejeta tangu dakika ya kwanza, na gari likiwa katika mwendo wa barabara kuu, hasa usiku katika baridi ya Makambako au Mbeya, injini haifikii joto lake. Kompyuta husoma kwamba injini ingali baridi, nayo huendelea kuongeza petroli kama ifanyavyo asubuhi ya kuwasha. Petroli ya ziada huosha oili katika kuta za silinda. Unyevu unaoingia katika oili haupati joto la kuufukuza, na oili hugeuka uji mweusi. Baada ya mwaka au miwili mwenye gari hutoa ushahidi wake: aina hii ya gari hunywa mafuta na injini zake hazidumu. Chapa nzima huharibiwa jina kwa kipande ambacho bei yake haifiki ya tangi moja la petroli.

Mafuta yenyewe yamewahi kuwa shahidi wa uongo. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo kuliko petroli na dizeli, na wafanyabiashara wasio waaminifu waliyachanganya. Mafuta ya taa huwaka vibaya katika injini ya petroli; injini hugonga, masizi hujikusanya, na yasiyoungua huteremka katika oili na kuifanya nyepesi. Mwaka 2010 Tanzania ilianza kutia vinasaba katika mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa ili faida ya kuchanganya iondoke. Magari yaliyokuwa na mitambo ya kisasa ya kudunga petroli kwa shinikizo kubwa moja kwa moja ndani ya silinda yaliumia kuliko yote, kwa sababu pampu zake hazivumilii uchafu. Sifa mbaya waliyoipata hapo mpaka leo haijafutika katika vinywa vya watu.

Bei ya kuuzia

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani George Akerlof alichapisha makala fupi kuhusu soko la magari yaliyotumika. Hoja yake ilikuwa nyepesi kiasi kwamba majarida kadhaa yalikuwa yameikataa kabla ya hapo. Mwaka 2001 alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa sababu yake. Tuseme nusu ya magari ya aina fulani ni mazima, yenye thamani ya shilingi milioni 12, na nusu ni mabovu, yenye thamani ya milioni 6. Muuzaji anajua lake ni lipi, mnunuzi hajui. Mnunuzi mwenye busara hatatoa zaidi ya milioni 9, wastani wa yote mawili. Lakini mwenye gari zima haoni kwa nini aliuze kwa milioni 9, basi huliacha nyumbani. Sokoni hubaki mabovu kwa wingi zaidi, wanunuzi hulitambua hilo, na bei hushuka tena. Kutojua kwa mnunuzi humwumiza hata muuzaji mwaminifu.

Anayetembelea soko la magari ya Dar es Salaam ataona jinsi watu walivyojitafutia dawa. Dalali akipewa habari ya gari, swali lake la kwanza si hali ya injini. Huuliza, «Namba gani?» Kwa kuwa namba za usajili hufuatana kwa herufi, herufi ya kwanza huonyesha gari liliingia nchini lini, na nchini Kenya herufi ya pili, ile inayoifuata K, hutumika vivyo hivyo. Gari la namba mpya hupata bei nzuri kuliko ndugu yake wa kiwandani aliyetangulia kusajiliwa miaka mitano nyuma. Namba haisemi chochote kuhusu oili wala themostati, ila ina fadhila moja: haiwezi kudanganya kwa urahisi. Mita ya kilomita haina fadhila hiyo, kwa maana hurudishwa nyuma. Mpira wa kikanyagio cha breki uliolika katika gari linalodai kilomita 60,000 husema zaidi ya mita.

Hata hivyo wanunuzi huipa bei ya kuuzia uzito usio wake. Chukua mtu anayekwenda kilomita 15,000 kwa mwaka, naye amekusudia kukaa na gari miaka 5. Anachagua kati ya saluni kubwa yenye jina, inayokwenda kilomita 8 kwa lita, na ndogo isiyopendwa sana, inayokwenda kilomita 12. Anahofu kwamba ya pili itampotezea shilingi milioni 3 zaidi siku ya kuuza. Katika kilomita 75,000 ya kwanza itakunywa lita 9,375 na ya pili lita 6,250. Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, tofauti ni zaidi ya milioni 9. Ili kuziokoa milioni 3 amechoma 9, na hakuona kwa sababu zile 3 humtoka siku moja mbele ya mashahidi, na zile 9 humtoka kidogo kidogo katika pampu. Kama angekuwa anakwenda kilomita 5,000 tu kwa mwaka, hesabu ingekaribia kulingana, na saluni yenye jina ingekuwa chaguo lisilo na lawama. Jibu halimo katika gari peke yake. Limo pia katika mwendo wa mwenye kuliuliza.

Kwa mambo yote matatu chombo kinachohitajika ni daftari la shilingi mia chache, likae katika kisanduku cha dashibodi. Kila mara ya kujaza, iandikwe tarehe, kilomita na lita. Kila oili inapobadilishwa na kila kipande kinapowekwa au kuondolewa, iandikwe vivyo hivyo, na risiti ibanwe humo. Matumizi yakiruka kutoka lita 8.5 hadi lita 10 kwa kilomita 100 katika mwezi mmoja, mwenye gari hatalilaumu kabila zima la gari hilo. Atarudi mistari michache nyuma aone gari lilikuwa katika gereji gani na liliguswa wapi. Na siku ya kuuza, mnunuzi ambaye Akerlof alimwona gizani atapewa kitu cha kusoma: miaka mitano ya oili kwa tarehe, pamoja na ule mstari ambapo themostati ilirudishwa na lita zikashuka tena.